Miguu Upande wa Kibla

Ilianza kama pumzi nyembamba, nikadhani ni mtu aliyepitiwa na usingizi. Nilikuwa nimefika magotini. "Magoti yamelegea," nilikuwa nikisema kwa ile sauti ya chini niliyojizoeza mbele ya kioo, "magoti ni mazito, yaache," na kwenye mkeka wa mwisho, chini ya dirisha, ile pumzi ikapata maneno. La ilaha illa Llah. Mkeka wa jirani ukapokea, kisha wa tatu. Nilipofika kiunoni chumba kizima kilikuwa kikinong'ona: wanawake wamelala chali, macho yamefumbwa, kanga zimewafunika hadi kifuani, midomo yao tu ndiyo inayocheza.

Sikujua kama ninyamaze au niendelee. Utaratibu niliouandika mwenyewe, uliopitiwa na kuidhinishwa chuoni, ulisema wazi kwamba maelekezo yasikatizwe kwa sababu yoyote, isipokuwa mshiriki akipatwa na dhiki. Nikaanza kujiuliza, huku nikitaja mbavu na mabega, kama kutamka shahada ni dhiki au ni kinyume chake. Niliyamaliza maelekezo bila kuisikia sauti yangu mwenyewe.

Nilikuwa pale kwa ajili ya utafiti wa shahada ya uzamili, na swali langu lilionekana dogo na safi: mtu akifanya mazoezi ya kujilegeza yaliyotokana na yoga, je, umakini wake hubadilika? Kikundi cha wanawake wanaobangua korosho Kilwa Kivinje kilikubali kushiriki. Siku moja walifanya mikao michache ya kujinyoosha, ikipishana na kulala chali huku nikiwaongoza kuulegeza mwili sehemu kwa sehemu. Siku nyingine walilala tu kwa muda uleule, bila maelekezo. Kabla na baada ya kila kipindi niliwapa karatasi iliyojaa tarakimu, mstari juu ya mstari, nao walipaswa kuikata kwa kalamu kila tarakimu niliyoitaja, upesi kadiri walivyoweza, bila kuruka hata moja. Ni kipimo cha kizamani na chenye adabu. Hakimwulizi mtu anajisikiaje. Kinauliza tu jicho lake lilikuwa wapi.

Neno yoga sikulitumia sana. Siku ya kwanza mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha ghafla, aliniuliza kama hiyo si ibada ya watu. Nikamjibu kwa urefu, nikitenganisha mwili na itikadi, asili ya mazoezi na matumizi yake ya sasa. Alinisubiri nimalize.

"Kwa hiyo ni mazoezi."

"Ni mazoezi, mama, ila..."

"Basi sema mazoezi, mwalimu. Hiyo ila utatupa siku nyingine."

Jambo ambalo sikumwambia yeye, wala msimamizi wangu chuoni, ni kwamba mimi mwenyewe sikuwa na umakini wowote uliobaki wa kupimwa. Mama yangu alikuwa amefariki miezi kadhaa nyuma, nyumbani kwetu Miteja, safari fupi tu kutoka Kivinje. Habari zilinikuta Dar es Salaam, na nilipofika alikuwa amekwisha kuzikwa, kama ilivyo desturi yetu. Dada yangu, ambaye ndiye aliyemuuguza, alinishika mkono katika chumba kilichojaa wanawake wa matanga, akaanza: "Siku ile asubuhi, mama..." Nikamwambia, si sasa. Akauachia mkono wangu. "Haya," akasema. "Siku ukitaka, utaniuliza."

Sikuuliza. Tangu hapo kila nilipoketi kusoma, swali lilelile lilikuja kukaa juu ya ukurasa: saa ya mwisho ya mama ilikuwaje? Ugonjwa wake niliujua kwa jina na kwa vipimo; haukuwa ugonjwa niliotaka kuujua. Nilitaka kuijua ile saa, na sikutaka kuijua, na mambo hayo mawili yalikuwa yakisukumana mlangoni bila hata moja kupita. Niliweza kuisoma aya moja asubuhi nzima na nikishafunga kitabu nisiweze kusema ilihusu nini. Msimamizi alipopendekeza Kivinje kwa kuwa ni karibu na kwetu, nilikubali kwa sauti ya mtu aliyeshukuru. Gari lililonileta lilipopita Miteja niliinama, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Basi wanawake wakaamka siku ile ya minong'ono, wakajiweka sawa mitandio, nami nikawagawia karatasi za tarakimu. Walikata tarakimu zao kwa mwendo mmoja, kama watu wanaochambua mchele. Nilipokusanya karatasi ndipo nilipothubutu.

"Samahani, akina mama. Nimewatisha?"

Yule wa mkeka wa mwisho, mwanamke aliyenizidi miaka michache, ambaye asubuhi hukaanga vitumbua kabla ya kuja kubangua, akasema huku akifuta vidole vyake kwenye kanga:

"Mimi nilidhani unatuaga."

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Mwenyekiti alicheka hadi akashika ukuta. Alipopata pumzi alinigeukia.

"Mwalimu, wewe si Mwislamu?"

"Ni Mwislamu, mama."

"Na ni mtu wa huku huku."

"Wa Miteja."

"Sasa tazama mwenyewe. Umetulaza chali, miguu upande wa kibla. Kichwa umetunyanyulia kwa kanga iliyokunjwa ili uso utazame mbele. Umetufunika. Halafu unakaa kichwani unatunong'oneza: vidole vya miguu vimekwisha, nyayo zimekwisha, magoti yamekwisha..."

"Nilisema yamelegea."

"Yamelegea, yamekwisha. Haya jamani, roho huanza kutoka wapi?"

"Miguuni!" walijibu kwa pamoja, kama watoto wa madrasa.

"Enhe. Sasa mtu afanye nini? Akae kimya, afe bila shahada, kwa ajili ya utafiti wako?"

"Na mimi nilikuwa nimeacha maharage jikoni," akasema mwingine, "nikajiambia, basi, yataungua, watakula wenye uhai." Wakacheka upya.

Nami nilicheka, lakini kicheko changu kilichelewa. Kila kitu nilikuwa nimekipanga kwa sababu yake. Miguu niliielekeza kaskazini kwa kuwa mlango ulikuwa huko na upepo ulipitia huko. Kichwa nilikiinua kidogo kwa kuwa shingo isiyo na kitu chini yake hukaza. Kanga ilikuwa ya kuzuia mwili usipoe. Kuanzia miguuni kwenda juu ndivyo maelekezo mengi ya namna ile yanavyoanza. Ningeweza kuitetea kila sababu peke yake mbele ya jopo lolote la watahini, na sikuona kwamba zikikaa pamoja zinamtengenezea mtu mahali pa kukatia roho. Hata hilo la roho kuanzia miguuni nilifundishwa nikiwa mdogo, kwenye mkeka kama ule. Nilipokuwa naandika utaratibu halikunijia. Au lilinijia, na mkono wangu ukaliandika bila kunishauri. Wazo hili la pili lilinisumbua kwa siku nyingi, kwa sababu sikuweza kulithibitisha wala kulikanusha.

Tuligeuza mikeka. Tukaanzia kwenye paji la uso kushuka chini. Msimamizi, nilipomwandikia, alijibu kwamba mabadiliko hayo yanakubalika ili mradi niyaeleze. Jibu lile lingemtosha mtu mwingine. Mimi nilianza kuuliza maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Karatasi za siku ile ya shahada zilikuwa safi kuliko zote za awali, makosa machache, mistari iliyorukwa michache, je, nizihesabu? Ikiwa umakini wao uliongezeka, uliongezwa na mazoezi yangu au na dhikiri yao? Na kama mtu anarudia maneno machache kwa pumzi, macho yamefumbwa, moyo umekaa mahali pamoja, je, hilo si lilelile nililokuja kulipima, ila limekuja kwa mlango wao badala ya wangu? Niliandika kurasa kadhaa juu ya hilo, nikazifuta, nikaziandika tena kwa maneno yaleyale.

Wao hawakuwa na mashaka kama hayo. Kubangua korosho ni kazi inayomlipa mwenye jicho: ukibonyeza vibaya unavunja punje, na punje iliyovunjika ni ya bei ya chini, na ukizembea zaidi mafuta ya ganda yanakuchoma ngozi. Mwenyekiti alidai kwamba siku za mazoezi wanatoa punje nzima nyingi zaidi.

"Umepima, mama?" nilimuuliza, labda kwa haraka kupita kiasi.

"Nimeona."

"Kuona si..."

"Na juzi nilisema hivyohivyo kuhusu zile dawa za kunywa za yule kijana wa stendi," alikatiza, akicheka, "na zilinipa tumbo la kuhara. Pima wewe."

Nilipima. Nilipima hata mimi mwenyewe, mchana mmoja, katika chumba nilichopanga nyuma ya mojawapo ya zile nyumba za enzi ya Wajerumani ambazo kuta zake zimebaki na paa halipo. Nilikata tarakimu, nikajilaza, nikajisikiliza kwenye simu nikijielekeza kulegea, nikaamka, nikakata tena. Karatasi ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Palikuwa na mistari mizima ambayo kalamu haikuigusa. Niliitazama kama daktari anayetazama picha ya mgonjwa na kukuta jina lake mwenyewe pembeni.

Nilirudia kesho yake, nikapata vilevile. Nikatoka, nikatembea hadi ufukweni, nikarudi, nikakumbuka jiko la gesi, nikarudi kuliangalia, lilikuwa limezimwa, nikatoka tena. Katika yote niliyoyasoma, utulivu ulielezwa kama maji ya mtungi: acha yatulie, tope lizame, utaona chini. Hakuna mahali nilipokumbuka kusoma juu ya mtu ambaye hataki kuona chini. Kelele zangu zote, msongamano wa mashaka juu ya tarakimu na vipindi na ruhusa za chuo, zilikuwa zikinifanyia kazi. Nilipolala chali na kuzinyamazisha, kilichobaki kilikuwa chumba kitupu na swali moja limeketi katikati, limetulia kunishinda.

Kisha ikaja siku niliyoharibu kipindi. Niligawa karatasi, nikawaambia wakate tatu, wakaanza. Katikati nikasema tena, kwa sauti kubwa na ya uhakika, wakate saba. Nusu ya chumba ikabadili, nusu ikaendelea. Wengine wakakata zote mbili kwa usalama. Nilisimama pale na saa ya simu inakimbia, nikijua kwamba karatasi zote za asubuhi ile hazifai kitu.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema taratibu, "hujalala."

"Nimelala, mama."

"Basi hujaamka. Njoo hapa. Leo ulale wewe, tukusomee sisi."

Nilianza kueleza kwa nini haiwezekani. Mkaanga vitumbua alikuwa amekwisha kuichukua karatasi yangu ya maelekezo. Wakanitandikia mkeka, ukazuka ubishi wa miguu ielekee wapi, mmoja akisema baharini, mwingine akisema huko ni kumpeleka mtu kwenye majini, hadi mwenyekiti akakata shauri kwamba kokote, ili mradi si kaskazini. Nikajilaza. Dari lilikuwa na alama ya maji yaliyovuja masika.

"Fumba macho," mkaanga vitumbua alisoma. Alianza kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

"Polepole, unamkimbiza," mtu akamwambia.

"Imeandikwa polepole?"

"Imeandikwa kwenye mabano hapo, soma!"

Akashusha sauti. Akaketi karibu zaidi, kichwani pangu, nikahisi joto la goti lake. "Paji la uso limelegea. Macho yamelegea. Taya limelegea, meno yaachane. Shingo..."

"Umeruka masikio."

"Masikio hayamo."

"Yaweke. Mtu hawezi kulegea shingo masikio yamesimama."

"Masikio yamelegea," alisema kwa upole mkubwa, na hakuna aliyecheka. "Shingo imelegea. Mabega ni mazito, yaache. Nipo hapa. Endelea kupumua."

Maneno "nipo hapa" hayakuwa kwenye karatasi. Aliyaongeza mwenyewe, kama mtu anavyomwambia mgonjwa bila kufikiri. Nami nililala pale nikiisikia sauti ya mwanamke wa rika la dada yangu juu ya kichwa changu, na swali langu la miezi yote likajigeuza na kunionyesha uso wake. Nilikuwa nimeliuliza vibaya. Nilikuwa nikisema, saa ya mama ilikuwaje, kana kwamba nataka maelezo ya kitabibu. Nililotaka kujua ni dogo zaidi: nani alikuwa ameketi kichwani pake. Alisikia sauti ya nani.

Nikaketi.

"Hatujafika hata tumboni!" mkaanga vitumbua alilalamika.

"Mshiriki amepatwa na dhiki," nilisema, na machozi yalikuwa yakinidondoka hadi kwenye mkeka.

Hawakunizunguka. Mmoja alinipa maji. Mwenyekiti aliketi chini kwa taabu, akanyoosha miguu yake, akasubiri, na aliposubiri vya kutosha akauliza nina nini. Nikasema mama yangu amefariki, na dada yangu alitaka kuniambia ilivyokuwa, nami sijampigia.

"Dada yuko wapi?"

"Miteja."

"Miteja hapo?" Alinyoosha mkono kuelekea ukutani, kana kwamba dada yangu alikuwa nyuma yake.

"Hapo."

"Na wewe uko hapa unatulegeza sisi." Alisema bila kejeli, au kwa kejeli ndogo ambayo mtu huwapa wanawe. "Inuka. Nenda nje ukapige simu. Sisi tuna korosho."

Nilitoka na simu. Nyuma yangu mlio wa maganda ulianza tena, mmoja mmoja, kisha kwa wingi. Nikasimama kwenye kivuli cha ukuta. Nilipanga sentensi ya kwanza, nikaipangua, nikagundua kwamba nilikuwa nikiitafutia aya ya utangulizi. Nikabonyeza jina lake kabla sijaipata.

Ilipokelewa upesi kuliko nilivyotaka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umefukuzwa chuo?"

"Hapana."

"Basi leo jua limechomoza wapi, mpaka unikumbuke?"

"Nipo Kivinje."

"Najua upo Kivinje. Watu wa huku wana macho. Wamekuona sokoni unanunua nyanya, wakaja kuniuliza, wewe na mdogo wako mmegombana nini."

"Na hukunipigia."

"Nilikwambia ukitaka utaniuliza. Nikakaa na neno langu. Ulidhani nitakufuata nalo mpaka sokoni?"

"Nauliza," nilisema.

Nilisikia kuku, nikamsikia akiwafukuza, kisha mlango ukifungwa na kelele za nje zikipungua. Aliporudi sauti yake ilikuwa karibu zaidi.

"Unataka nini hasa?"

"Nani alikuwa naye. Kichwani pake. Mwishoni."

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mengi. Ni kazi ninayoiweza. Kwa kila jibu nilikuwa nimefikiria nitakavyojisikia na nitakavyosema. Dada yangu alivuta pumzi na kuitoa.

"Hakuna," alisema. "Sikuwepo. Alikuwa amelala, anapumua vizuri, nikasema nikimbie mara moja nichote maji. Niliporudi..." Sauti ilikatika, na haukuwa mtandao. "Matanga mazima watu walikuwa wananiambia, umemuuguza mama, amefia mikononi mwako, Mungu akulipe. Nikawaacha waseme. Ningewaambia nini? Wewe ndiye niliyetaka kukwambia. Wewe tu. Ukaniambia si sasa."

Nilijiona nikitafuta jibu, akili ikikimbilia huku na huku kama kawaida yake, kwenye samahani, kwenye faraja za dini, kwenye mambo niliyoyasoma juu ya watu wanaouguza wengine, na hakuna hata moja lililokuwa la dada yangu.

"Ulikwenda kisima kipi?" niliuliza.

"Nini?"

"Kisima. Ulikwenda kipi?"

"Cha bondeni. Hiki cha karibu kilikuwa tope tupu. Kwa nini unauliza hivyo?"

"Nataka kwenda na wewe."

Nilidhani nimekosea, kisha nikamsikia akilia, akipenga kamasi, akinitukana kidogo kwa kuwa namliza mchana na sufuria iko motoni. Halafu akaanza upya, tangu alfajiri: uji ambao mama aliukataa kwa sababu haukuwa na ndimu, ndimu aliyoiomba kwa jirani, mama akinywa kidogo na kusema sasa ni mkali mno. Shuka alilombadilisha. Ndoo ya bluu, ile yenye mpini wa kamba. Jirani aliyemsimamisha njiani kumwuliza hali ya mgonjwa, naye akajibu, leo afadhali. Kila alipofika jambo nilifika naye. Aliposimama, nilisimama.

"Usikate," alisema, simulizi lilipomfikisha uani na maji.

"Sikati. Ndoo uliitua wapi?"